Jezi Ambayo Shangazi Hakuifua

Shangazi hakuupenda mpira. Naanza na hilo kwa sababu kila mwaka, siku ya bonanza la chuo chetu, MC alikuwa anamkaribisha meza kuu kwa jina la "mama wa soka", uwanja mzima unampigia makofi, na yeye anakaa pale na kitenge kipya cha zawadi magotini akisubiri wamalize wanachokifanya. Mie nilikaa mstari wa nyuma yake. Nilikuwa karani wa ofisi ya michezo, na kumpeleka na kumrudisha ilikuwa kazi yangu. Lakini nilimjua tangu zamani. Tulikaa mtaa mmoja Kimara, nyumba yake na ile niliyopanga zikitazamana, na alikuwa dobi wangu.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi kwa sababu alimlea mtoto wa marehemu kaka yake, na mtoto yule alikuwa akimwita kwa sauti ya kufika barabarani. Sie wengine tukafuata. Mtoto akakua, akaja kusoma kwenye chuo nilichofanyia kazi, akawa mchezaji ambaye chuo hakijapata mfano wake mpaka leo. Alivaa namba saba, wanachuo wakamwita Saba. Siku tatu baada ya fainali ya michezo ya vyuo, ambayo alifunga magoli yote mawili, pikipiki aliyopanda iligongwa na lori Barabara ya Morogoro, akafa palepale. Jezi aliyochezea fainali ilikuwa nyumbani kwa Shangazi, chafu, inasubiri kufuliwa. Chuo kikaichukua hivyohivyo na kuiweka kwenye kabati la vioo, na Shangazi akatumia miaka kumi na moja kuiomba irudi. Aliyekwenda kuichukua ni mie.

Mtu hawezi kuelewa kwa nini kipande kile cha nguo kilimkaa rohoni namna ile mpaka aelewe ufuaji wake. Alikuwa na mabeseni matatu, la kuloweka, la kufulia na la kusuuzia, na ole wako uchukue la kusuuzia ukaoshee mchicha. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, vipande vinalingana. Pasi yake ilikuwa ya mkaa hata umeme ulipokuwepo. Pasi ya umeme aliiona ya watu wenye haraka, na watu wenye haraka aliwaogopa kuliko wezi. Ukimletea shati lenye doa alikuuliza ni la nini na limekaa siku ngapi, kama daktari, na ukimdanganya alijua.

Alijua mengi. Mke wangu alipoondoka sikumwambia mtu yeyote, kazini wala mtaani. Wiki ile nilimpelekea Shangazi mashati manne kama kawaida. Aliporudisha, vifungo vyote viwili vilivyokuwa vimekatika muda mrefu vilikuwa vimeshonwa, na hela hakutaka. Hakusema pole, hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba kuanzia sasa nilete na mashuka, maana mwanaume akiwa peke yake mashuka ndiyo anayoyasahau. Nikarudi ndani nikalia, sioni aibu kusema.

Mambo ya watu hayakutoka mdomoni mwake. Aliona kola za mtaa mzima, akajua nani amefukuzwa kazi na nani amepata mchumba, na ukimchokonoa anakwambia, "Mie nafua, sitangazi." Kisha palepale anakusema wewe mwenyewe, usoni, bila huruma. Mie aliniambia natembea kama mtu anayedaiwa.

Kulikuwa na kazi moja aliyoifanya bure. Mtu akifa mtaani, awe Mkristo awe Muislamu, Shangazi alikwenda kuchukua nguo zake zote akazifua. Kwao bara, siku ya arobaini nguo za marehemu zinatolewa nje na kugawiwa ndugu na marafiki. Shangazi wa marehemu ndiye mgawaji, na haibaki hata soksi. Nguo ya mwisho ikishapata mtu, watu wanakula, mgawaji anatamka maneno ya kuwaaga, wanakwenda makwao, matanga yameondoka. Ikibaki moja, msiba bado upo. "Na haigawiwi chafu," alikuwa akisema. "Unampaje mtu jasho la maiti?" Hapa Dar watu wameshaacha mengi, arobaini inafanywa Jumamosi ili wenye kazi wapate nafasi, lakini yeye kwenye hilo hakulegea.

Sasa huo mpira. Saba alianza kucheza akiwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo Shangazi aliuhesabu mpira kama mashine ya kuchafua nguo. Alimgombeza, akamfichia viatu, akamtishia kumrudisha bara ambako hakuna aliyebaki wa kumpokea. Kisha anakaa kwenye kigoda chake na kuifikicha ile kaptula kwa subira ambayo mteja hata angelipa mara mbili asingeipata. Hakuwahi kwenda kumwona akicheza. Kimara nzima ilimwona, mie nilimwona nikiwa kazini nalipwa, yeye hapana. Siku ya fainali kijana alimjia asubuhi, mie nipo, nimefuata suruali. Akamwomba aende, walau leo. Shangazi akamwonyesha mashuka ya nyumba ya wageni yaliyokuwa yamejaa kwenye kamba na kumuuliza nani atayapiga pasi. Kijana akacheka. Akasema, "Basi nitakuletea jezi uione, nayo inatosha."

Akaileta. Nyeupe yenye mistari ya kijani, tope kuanzia kifuani mpaka kwenye namba ya mbele, maana mvua ilinyesha kipindi cha pili. Lakini wiki ile maji yalikuwa yamekatika Kimara. Shangazi alinunua maji ya madumu na kuyatumia kwa nguo za wateja, kwa sababu ahadi ya mteja ni ahadi, na ya nyumbani ikangoja. Akamwambia kijana kesho. Kesho yake akamwambia kesho. Siku ya tatu ndiyo ile ya lori.

Baada ya pale sikuwahi tena kumsikia akitamka neno kesho. Ukimuuliza nguo zitakuwa tayari lini alikutajia siku: Jumatano, Ijumaa. Hata kama leo ni Jumanne, alikwambia Jumatano.

Siku ya tatu ya msiba mkuu wa chuo aliniita. Akasema chuo kinataka kumuenzi kijana, na kwa kuwa mie ni jirani, niongozane na mwalimu wa michezo tukaiombe jezi ya fainali. Tulimkuta Shangazi chumbani amekaa chini na wanawake wengine. Mwalimu wa michezo alianza kulia kabla ya kusema, ikabidi niseme mie. Nikasema. Shangazi akanisikiliza, akanyanyuka, akarudi na mfuko wa nailoni.

"Sijaifua," akasema. "Maji yalikatika."

Mwalimu wa michezo akamjibu upesi kwamba asiifue kabisa, kwamba lile tope ndilo lenyewe, ndilo la ushindi. Shangazi hakumtazama. Alinitazama mie.

"Ya kugawa hii," akasema. "Unaielewa?"

Nikamwambia naielewa. Nikamwambia, Shangazi, itarudi kabla ya arobaini. Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Mkuu hakuniambia, mwalimu hakuniambia. Niliona uso wake nikataka uso ule utulie, basi, mdomo ukatangulia. Akanipa mfuko.

Arobaini ikafika. Jezi ilikuwa kwa fundi vioo, kabati linatengenezwa, na mgeni rasmi wa kulizindua alikuwa hajapatikana. Nguo nyingine zote zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi, zimepangwa juu ya meza uani: suruali tano, mashati, sweta la shule ya sekondari, raba. Shangazi akaita majina na kugawa. Alipomaliza akasimama pale mbele ya meza tupu na kuniuliza kwa macho. Nikamwambia wiki ijayo. Watu walikula wakaondoka, lakini yeye hakusema yale maneno ya kuwaaga, na wazee wa kwao wakaliona hilo.

Wiki iliyofuata kabati lilizinduliwa kwenye mlango wa bwalo la chuo, taa ndogo ndani, maandishi ya dhahabu chini. Wanachuo walipita pale mara tatu kwa siku wakienda kula, wengine wakigusa kioo kwa ajili ya bahati kabla ya mitihani. Namba saba ilifungiwa, hakuna wa kuivaa tena. Chumba cha kubadilishia nguo kikaandikwa jina lake. Bonanza la kila mwaka likaanzishwa, na ikatungwa desturi kwamba dakika ya saba ya fainali mpira unasimama, wachezaji na watazamaji wanapiga makofi mpaka dakika iishe. Mwaka wa kwanza Shangazi aliona mpira umesimama akaniuliza nani kaumia.

Sisemi walikuwa wabaya. Walimpenda yule kijana. Nimewaona watu wazima wakifuta machozi mbele ya lile kabati, na nawaamini. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama na kufikiri kwamba kuna mwanamke Kimara, dobi wa kazi, ambaye watu wanapita mbele ya nguo chafu ya mwanawe na kusema hiyo ni ya yule aliyelelewa na shangazi yake dobi. Hilo lilimuuma kwa namna ya peke yake. Aliniambia siku moja, na hakuwa anatania, kwamba wamemwanika.

Walimpa vyeti vya heshima, kila mwaka kimoja, vimewekwa plastiki. Alivipanga chini ya godoro, upande wa ukutani. Kila bonanza kitenge, cheti, soda na chakula kwenye boksi, kisha mie namrudisha nyumbani, na mwaka mzima hapana mkubwa yeyote wa chuo aliyepiga hodi kwake. Vijana waliocheza na Saba walikuja kumtazama mwaka wa kwanza, wa pili wakaja wawili, wa tatu akaja mmoja na mchumba wake. Kisha kila mtu akawa na maisha yake. Walipiga picha na Shangazi kwenye bonanza, wakaziweka kwenye magrupu yao, wakaandika maneno mazuri.

Mwaka mmoja wanachuo walimwonyesha kwenye simu ile video ya magoli mawili. Aliitazama kwa makini mara mbili, sie wote tumemzunguka tukisubiri alie. Akaomba waisimamishe. Akaweka kidole kwenye kioo cha simu na kusema huyu wa pembeni jezi yake haikusuuzwa vizuri, ina ukoko wa sabuni. Watu wakacheka. Aliirudisha simu. Baadaye, tukiwa njiani, aliniuliza kama lile goli la pili alilifunga kabla au baada ya mvua.

Kuna jambo mtaa haukulielewa, na mie nililielewa nikajifanya sijaelewa. Shangazi aliacha kwenda harusini. Mtu aliye msibani haendi kwenye ngoma, na kwa hesabu yake alikuwa msibani. Alifua mashela ya maharusi, alipiga pasi suti za bwana harusi na wapambe, kadi zikaja, na siku ya sherehe alifunga mlango. Aliacha kwaya ya kanisani, yeye aliyekuwa na sauti ya pili ya kutegemewa. Hakusuka nywele. Kwanza watu walisema ana majonzi, mwacheni. Kisha wakasema anaringa, kwa vile anakaa meza kuu na wakubwa. Kisha kadi zikaacha kuja. Mwanamke aliyejua kola za watu wote akawa hana wa kumwita akisema njoo tukae.

Ilinipasa niirudishe ile jezi. Hilo nililijua kila asubuhi nilipopita mbele ya kabati kwenda ofisini. Miaka kumi na moja niliomba mara tatu. Mara ya kwanza niliandika dokezo, likarudi na maneno kwamba jezi ni mali ya chuo tangu ilipotoka dukani, na hilo ni kweli, lina risiti. Mara ya pili nililisema kwenye kikao cha maandalizi, mshauri wa wanafunzi akaniuliza kama nataka tuwaonyeshe wageni kabati tupu. Mara ya tatu nilimfuata mkuu mpya ofisini kwake, nikaanza kueleza habari ya matanga na shangazi mgawaji, nikamwona anatazama saa, nikamalizia kwa kuomba ruhusa ya siku mbili. Mara tatu, basi. Kuna watu wanaomba kiwanja mara thelathini. Mie nilikuwa mwoga, na uoga wangu ulikuwa na mshahara.

Yeye mwenyewe aliomba mbele za watu mara moja tu. Ilikuwa bonanza la sita. Mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja mwenye moyo mzuri, akasema leo asitoe hotuba yeye, mama wa soka apewe maiki atoe neno. Uwanja ukashangilia. Shangazi alikuwa hajawahi kushika maiki, aliishika kwa mikono miwili kama anakamua shuka. Akangoja pawe kimya.

"Naombeni nikaifue," akasema.

Kisha MC akadaka maiki na kusema, jamani, mama yetu ana ucheshi, na uwanja ukacheka na kupiga makofi, na muziki ukafunguliwa. Shangazi akakaa. Niliona mgongo wake tu. Nilitakiwa kusimama. Nilikuwa mtu pekee katika uwanja ule mzima aliyejua alichokuwa anaomba, na nilibaki nimekaa, na hata mikono yangu, Mungu anisamehe, ilipiga makofi na wengine.

Tulirudi Kimara. Mlangoni kwake nikamwambia samahani. Akaniambia nilete mashuka Alhamisi.

Barabara ilipopanuliwa nyumba za upande wetu zikapigwa alama ya X ya kubomolewa, yake na niliyopanga zote. Wapangaji tulihama kirahisi. Yeye alikaa mpaka wiki ya mwisho, akaondoka na mabeseni yake kwenye kirikuu cha mizigo, akapata chumba Tandika, Temeke, kwenye nyumba ya wapangaji wengi ambao kila miezi michache wanabadilika. Wateja wake wa Kimara wasingevuka jiji zima kwa shati. Mikono nayo ikaanza kuuma viungo. Mie nilihamia Ubungo, na karibu kila mwezi nikawa naenda kumtazama. Nampelekea sukari, nakaa saa moja, ananisema. Kila nikienda aliniuliza kwa namna ileile, akiwa anafanya kitu kingine, anachagua mchele au anafunga dirisha.

"Vipi, imerudi?"

"Bado, Shangazi."

"Haya."

Halafu tunaendelea na mengine. Nimefanya hivyo kwa miaka. Ukiniuliza nilikwenda kwa sababu ya huruma au kwa sababu ya deni la lile neno langu, sijui kuvitenganisha.

Mwaka niliostaafu, bwalo lilikarabatiwa. Kabati la zamani likatolewa, pakawekwa jipya kubwa lenye skrini inayorusha magoli mawili mchana kutwa, na ndani jezi mpya, safi, iliyochapishwa kiwandani, namba saba inang'aa. Tope lilikuwa limefifia, walisema, halionekani vizuri kwenye picha. Nilikwenda stoo kuaga. Mama mtunza stoo alikuwa anatenga vitu vya kutupa, nyavu zilizokatika, koni, mipira iliyopasuka, na katikati ya boksi nikaiona. Nikamuuliza kama naweza kuichukua. Akaniambia chukua tu baba, hivyo vyote vinaenda dampo. Wala hakunisainisha. Miaka kumi na moja ya madokezo na vikao, na mwisho ikatoka kwa neno moja la mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuikataa. Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Nilimkuta Tandika saa nne asubuhi, amekaa mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda."

Nikampa mfuko. Hakuniuliza ni nini. Akaifungua jezi, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye mishono ya kwapa, kisha akainusa. Nilidhani atalia. Akasema inanuka panya.

Kisha akanituma maji. Ndoo mbili kutoka bombani uani, na nyingine mbili, yeye akiyatoa mabeseni chini ya kitanda, yote matatu. Akatandika mkeka nje ya mlango nikae, maana sikuwa na kazi nyingine. Akailoweka, akangoja, akamwaga, akaloweka tena. Alipoanza kufikicha vidole havikukunjika vizuri, nikajitolea kumsaidia, akanitazama tu nikarudi kukaa. Alifua kwa muda mrefu sana. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama ya udongo, ya pili yakawa ya chai, ya tatu meupe. Lakini kifuani palibaki kivuli, toka shingoni mpaka kwenye namba. Akapaka sabuni tena, akafikicha tena, akaiinua juani.

"Tope likikaa halitoki tena," akasema. "Lingetoka siku ile."

Nikamwambia nisamehe. Ukiacha ile samahani ya mlangoni, ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno lenyewe kwa kituo. Akasema yeye ndiye aliyesema kesho, mie nilikuja baadaye, kila mtu abebe lake. Akaianika.

Wakati inakauka akapika. Wali na maharage, na nyama kidogo aliyonituma buchani, kwa sababu chakula cha matanga hakiwi kikavu. Tukala wawili. Wapangaji wenzake walipita wakatusalimu, hakuna aliyejua wamepita katikati ya msiba wa nani. Baada ya kula akawasha mkaa, akaipiga pasi taratibu kwa ile pasi yake nzito, akaikunja mara tatu, akaiweka kwenye mapaja.

Akaanza kuhesabu majina. Beki mmoja aliyekuwa rafiki mkubwa wa kijana, amehamia Mwanza, simu haipatikani. Golikipa amefariki. Binti aliyekuwa mchumba ameolewa, si heshima kumpelekea. Binamu wa Kawe hajaonekana tangu arobaini. Alitaja na kukunja vidole mpaka vidole vikaisha. Kisha akaninyooshea mie.

Nikamwambia haiwezekani, Shangazi. Mie si ndugu, sikucheza naye, mie ndiye niliyeifanya ikae kule.

"Wewe ndiye uliyebaki," akasema. "Ivae nione."

Nikaivaa juu ya shati. Ilinibana tumboni, ilikuwa bado na joto la pasi. Akanigeuza kwa bega, akanyoosha mgongo wa jezi kwa kiganja pale kwenye saba, akaniachia. Hapo ndipo alipoyasema yale maneno ya kuwaaga watu, kwa lugha ya kwao, na kisha kwa Kiswahili ili nielewe: kwamba ametoa vyote, hakubakiwa na kitu cha marehemu, kwamba anawashukuru waliokaa naye, na kila mtu sasa aende kwake kwa amani.

Nilijisikia mwepesi, na nilidhani na yeye. Nikamwambia basi mwezi ujao nitakuja kama kawaida, tarehe zilezile.

Alinitazama, na niliona ananionea huruma.

"Kwa shughuli gani?" akauliza.

Nilitafuta sababu, mafuta, sukari, mashuka, habari za mtaa wa Kimara ambao haupo tena, na vyote vikakataa kupita mdomoni. Yeye hakusubiri. Aliinama, akaikamata ncha ya mkeka ya upande wa mlangoni na kuanza kuukunja kuja kwangu, polepole kwa sababu ya vidole vyake, mpaka akafika pale nilipokalia. Nikanyanyuka ili amalize.